WANASHERIA WAENDE KANAZI

Vyuo vyetu vinavyofundisha sheria vina desturi njema. Wanafunzi, wakisimamiwa na walimu wao, huwashauri bila malipo watu wasioweza kumlipa wakili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kazi hiyo tangu miaka ya 1960, nasi twaisifu. Lakini twauliza: mwanamke aliyepigwa au kubakwa katika kata ya Kanazi, wilayani Ngara, atawafikiaje washauri hao?

Ngara iko mpakani, jirani na Rwanda na Burundi. Mahakama Kuu iko Bukoba, ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Katika vijiji vyetu vingi, aliyedhulumiwa hukutana na wazee wa ukoo kabla ya kumwona askari au hakimu, na hapo ndipo mashauri mengi hufa. Kikao huitishwa, faini hutozwa, na binti huambiwa anyamaze asije akauaibisha ukoo. Nguo zimekwisha kufuliwa, daktari hajaonwa, na siku ya kesi shahidi haonekani. Hakimu afanye nini?

Si kwamba sheria hazipo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chasema wazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mtu mzima abakaye. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwake aliyebakwa. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba wanawake 4 katika kila 10, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini.

Mkoa wa Kagera wenyewe umetupa funzo. Mwanamke mmoja wa Kihaya alizuiwa na mila kuuza shamba alilorithi kwa baba yake. Shauri lilianzia Mahakama ya Mwanzo, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo ya kumbagua mwanamke haipatani na Katiba. Faida yake ni kubwa, maana mwanamke asiye na shamba hana pa kukimbilia apigwapo.

Kwa hiyo twasema: wanafunzi waende vijijini, wala si kwa siku moja ya hotuba na kurudi mjini. Wafanye kazi pamoja na wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya mwaka 2017. Hao wanaishi na watu na wanajua Kihangaza. Mwanafunzi anajua vifungu. Kila mmoja ana la kumfundisha mwenzake. Tena tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, basi hakuna udhuru wa kuificha sheria ndani ya lugha ya kigeni. Wamsindikize aliyeumizwa siku ile ile hadi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na hospitalini, kisha wasimwache peke yake mpaka hukumu itolewe.

Wapo watakaosema kwamba ya ndani hayatolewi nje. Nasi twawajibu: mwizi wa ng'ombe hatumsuluhishi mgombani; twampeleka polisi. Je, binti yetu ni duni kuliko ng'ombe?

Mwaka 1961 Chuo Kikuu kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na sheria ndiyo iliyofundishwa kwanza. Elimu hiyo imelipiwa na jasho la mkulima na mfanyakazi, na haina budi kuwarudia. Nanyi wanachama, viongozi wa vijiji na vitongoji, msiwe wa kwanza kuketi katika kikao cha kuuzika uhalifu. Wanasheria wakija, wapokeeni, wasipokuja, waiteni.