Kuunganisha visanduku pia ni kuprogramu, acheni madharau

KILA nikionyesha watu gemu ninayotengeneza, lazima atokee msee wa kuniambia, "Buda, huko si kuprogramu, huko ni kuchora." Eti kwa sababu skrini yangu haina mistari ya maandishi, ina visanduku vilivyounganishwa kwa waya.

Sawa, tuangalie huo mchoro. Gemu yangu ni ya makanga. Nilitaka abiria akipanda mat, sh50 ziingie mfukoni. Ndani ya Blueprints za Unreal Engine, kisanduku kimoja kinauliza kama abiria yuko ndani, kingine kinaongeza pesa. Nikavuta waya kutoka kisanduku cha Event Tick, nikabonyeza Play. Sekunde moja tu, abiria mmoja alikuwa amenilipa sh3,000!

Kumbe Event Tick huamka kila fremu. Gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde, nauli inalipwa mara 60. Dawa ilikuwa kutumia tukio linaloamka mara moja, abiria anapogusa mlango. Hilo kosa lilikuwa la kufikiri, na hata ningeandika kwa C++ ningelifanya vilevile.

Chuoni, kabla nitoke, tulinakili programu kutoka ubaoni na kuzifanyia mtihani kwa karatasi. Sikuwahi kuona kitu kikisonga. Kwa Blueprints, ukicheza gemu huku mchoro uko wazi, waya unawaka pale amri inapopita. Unaona kabisa mahali imekwama. Mimi hapo ndipo nilielewa "kama" na "la sivyo" ni nini.

Ubaya upo, sikatai. Visanduku vikifika mia, skrini inafanana na nyaya za stima za mtaani, na hesabu ya mstari mmoja inaweza kula visanduku sita. Hata Godot waliitoa VisualScript yao katika toleo la 4.0 mwaka 2023. Ndiyo maana siku hizi najifunza kuandika pia. Lakini Unity walinunua Bolt mwaka 2020 na kuifanya ya bure, na sidhani walikuwa wananunua kitabu cha kuchorea.

Mdogo wangu, yuko kidato cha tatu, alisikia hayo maneno ya "kuchora" akafunga laptop wiki nzima. Juzi amerudi. Anataka kujua atamfanyaje abiria anayeshuka bila kulipa.