Kabla ya paseli, tusome mkataba

Wandugu, siku ya kugawa sabuni kule Mahama kijana mmoja alitushika mkono pembeni ya foleni akatuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza dawa: "Nina elfu mia tatu. Nyinyi mnaokaa Kigali, niambieni, naanzaje mambo ya kununua paseli na kupangisha?" Tulimjibu haraka haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Jibu lenyewe halikutosha, ndo maana tunaandika hapa.

Kwanza tukubaliane kwamba swali lake si la kijinga. Kuna wafanyakazi wa mashirika, tena watu wazuri tunaowaheshimu, wakisikia mkimbizi anasema "nataka kuwekeza kwenye nyumba" wanatabasamu. Mafunzo tunayopewa ni cherehani, kuku, sabuni ya maji, saluni. Nyumba? Hapana, wewe uko njiani, unasubiri kurudi au kuhamishiwa nchi ya tatu. Lakini kambi ya Kiziba iko pale tangu 1996. Gihembe ilifunguliwa 1997, na wengi wetu tulizaliwa au tulikulia humo. Mtu anayesubiri miaka zaidi ya ishirini anakuwa ameshaishi maisha. Na kuishi ni pamoja na kulala mahali, na kulala mahali ni pesa inayotoka kila mwezi. Kwa nini isiwepo siku moja inayoingia?

Tena Gihembe ndiyo ilitufundisha somo la kwanza bila mwalimu. Kambini nyumba si yetu, kila mtu anajua. Hata hivyo watu waliongeza chumba kwa udongo wao na jasho lao, na wengine walikuwa wanaachiana chumba kwa pesa kidogo, kwa maneno tu. Mwaka 2021 kambi ikafungwa kwa sababu mabonde ya mmomonyoko yalikuwa yanakula kilima, tukahamishiwa Mahama. Aliyekuwa ameweka akiba yake yote kwenye chumba cha nyuma alipanda basi na masufuria. Hakukuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba kile chumba kilikuwa cha kwake.

Sasa tuje Masoro, maana ndiko baadhi yetu tunakokaa na ndiko tulikoungua.

Masoro iko Gasabo, upande wa Ndera. Ukishuka kwenye basi asubuhi unaona watu wanatembea kwa mkumbo kuelekea eneo maalumu la kiuchumi la Kigali: hekta 98 awamu ya kwanza, hekta 178 awamu ya pili, viwanda na maghala. Volkswagen walifungua pale kazi ya kuunganisha magari mwaka 2018. BioNTech walianza kujenga kiwanda chao cha chanjo Juni 2022. Chuo cha Waadventista, AUCA, kina kampasi hapa, na vyuo vingine viko jirani. Maana yake ni nini kwa mtu anayefikiria nyumba? Ni kwamba kuna wafanyakazi wa zamu na wanafunzi wanaotafuta chumba karibu, kile sisi vijana tunakiita geto. Wanalipa kwa mwezi, hawataki sebule kubwa, wanataka maji, kufuli nzuri na njia isiyo na tope. Hata mtoto anaona kwamba hapa vyumba vinatafutwa.

Na ndicho kilichotudanganya. Tulikuwa saba kwenye ikimina (wazee wetu wa Kongo wangesema likelemba), kila mmoja elfu 10 kwa mwezi. Baada ya miezi kumi tukawa na laki saba za faranga. Tukaangalia video za Wamarekani zinazosema nunua nyumba ya kwanza kwa pesa ya benki, ishi chumba kimoja, pangisha vingine, nyumba ijilipie yenyewe. Vizuri sana, lakini yule wa kwenye video ana mshahara wenye karatasi, ana historia ya mkopo, na ana benki inayomjua. Sisi tuna kadi ya mkimbizi na posho ya kujitolea.

Basi tukachukua njia ya mkato. Komisioneri mmoja akatuonyesha paseli nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Rwamagana, milioni mbili na nusu. Mwenye paseli alikuwa mzee mpole, alitukaribisha fanta. Tukapanga paseli iandikwe kwa jina la rafiki yetu Mnyarwanda "ili mambo yaende haraka". Tukatoa avansi laki tano, na komisioneri akachukua elfu 50 yake papo hapo. Karatasi tuliyopewa ilikuwa fotokopi ya hati ya zamani. Tukapiga picha na paseli, bana, picha nzuri kweli.

Wiki tatu baadaye, kwa noteri, ndo tukajua. Kwenye hati kulikuwa na majina mawili, yule mzee na mke wake, kila mmoja asilimia 50. Mama hakuwa anajua lolote kuhusu sisi, na hakutaka kuuza. Alikuwa na haki. Ni shamba lake na la watoto wake. Mzee alikuwa ameshatumia sehemu ya pesa. Alirudisha laki tatu, kidogo kidogo, kwa miezi mitano. Laki mbili hatujaziona mpaka leo. Komisioneri hakurudisha kitu, alisema kazi yake ni kuonyesha.

Tulipiga kelele kwanza, halafu tukakaa chini kuhesabu makosa. Ya kwake tunayajua. Ya kwetu ni haya. Rwanda iliandikisha ardhi nchi nzima kati ya 2009 na 2013, kila kiwanja kina namba yake inayoitwa UPI. Namba hiyo unaiuliza kabla ya kutoa hata faranga moja. Ukiwa nayo unaweza kuangalia kwenye mfumo wa mamlaka ya ardhi kiwanja kimepangiwa matumizi gani, na kama kuna kizuizi au dhamana ya benki juu yake. Tangu 2023 hati zinatolewa kielektroniki, kwa hiyo mtu anayekupa fotokopi iliyokunjwa mara nne hajakupa kitu. Wenye majina kwenye hati wote lazima wakubali mauzo, na mkataba unapita kwa noteri. Hayo yote hayahitaji diploma. Tulikuwa na simu mkononi, tukaitumia kupiga picha.

Na hata kama yule mama angekubali? Paseli ingekuwa ya rafiki yetu. Si ya kwetu. Ni mtu mzuri, lakini akioa, akidaiwa na benki, akifa, sisi tungekuwa nani mbele ya sheria? Hapa tunajua kuna wenzetu watakaotukasirikia, maana wapo wengi waliofanya hivyo na mambo yao yanaenda. Sawa. Sisi tunasema usianzie hapo. Mwanzoni huna pesa ya kupoteza na huna pesa ya wakili.

Je, mkimbizi anaruhusiwa? Swali hili tunaulizwa sana. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, ambao Rwanda ilijiunga nao mwaka 1980, una kifungu cha 13 kuhusu mali, pamoja na mali isiyohamishika na mikataba ya kupanga: nchi impe mkimbizi masharti mazuri kadiri inavyowezekana, na kwa vyovyote yasiwe mabaya kuliko ya mgeni mwingine yeyote aliye katika hali kama yake. Soma vizuri. Haisemi utapewa sawa na raia. Inasema usiwe chini ya mgeni mwingine. Kwa hiyo masharti ya wageni kwenye sheria ya ardhi ndiyo yanakuhusu, na hayo unayauliza ofisini, kwa noteri, kwa mwanasheria wa shirika. Si kwa komisioneri.

Mkataba wa kupanga, huo uko mikononi mwetu leo. Na ndiko tulikoanzia upya.

Zilibaki elfu 150 za kwenye ikimina na zile laki tatu zilizorudi, jumla elfu 450. Tukapata nyumba ya vyumba vinne hapa Masoro, elfu 150 kwa mwezi, mama mwenye nyumba anataka miezi mitatu mbele. Hesabu ikaingia sawasawa, hatukubakiwa hata na ya basi. Tofauti ni kwamba safari hii tuliandika. Mama tulimwambia wazi: sisi ni wakimbizi, wawili wetu tutakaa humu, vyumba vitatu tutapangisha kwa wanafunzi. Aliguna. Akatuuliza kama tutaleta fujo. Mwishowe alikubali, na neno hilo, kwamba tunaruhusiwa kupangisha wengine, likaandikwa kwenye mkataba pamoja na muda wa mwaka mmoja na nani anatengeneza bomba likipasuka. Tukapeleka majina ya wakaaji kwa kiongozi wa mudugudu. Hiyo usiiruke, hasa wewe mwenye kadi ya mkimbizi. Usiku wakija kuuliza nani analala wapi, ukiwa umeandikwa unajibu umekaa.

Kila chumba elfu 45, na wawili wetu tunaokaa humo tunalipa ikimina kama wengine, hakuna ubwana. Inaingia elfu 180, inatoka 150. Umeme wa kash pawa kila mtu anachanga. Kwenye karatasi ilikuwa faida ya elfu 360 kwa mwaka, tukacheza. Halafu wanafunzi wakaenda likizo na chumba kimoja kikakaa tupu miezi miwili: elfu 90 zimekwenda. Kufuli mbili, rangi na bomba: elfu 62. Kumbe bomba lilikuwa la kwetu, tuliandika wenyewe. Mwisho wa mwaka zilibaki elfu 208. Ukigawa kwa saba, haifiki elfu 30 kwa mtu. Ukijumlisha na mtaji, elfu 658. Tulianza na laki saba. Bado hatujafika pale tulipokuwa kabla ya ile fanta ya mzee.

Tunaandika hesabu zote ili mtu asije kusema tulimdanganya. Hii si utajiri. Lakini tumejifunza kutafuta mpangaji, kumdai kwa heshima, kusoma kipengele kwa kipengele, na mama mwenye nyumba sasa anatuamini. Jirani yake ametuuliza kama tunaweza kumsimamia vyumba vyake, na hiyo kazi haitaki mtaji.

Kwa nyinyi wafanyakazi wa mashirika, ombi moja. Inkomoko na wengine wamewasaidia wakimbizi wengi kwenye biashara ndogo, na tunashukuru. Lakini mnapotufundisha kutengeneza bajeti, ongezeni siku moja ya mikataba ya nyumba. Leteni mkataba halisi, kwa Kinyarwanda, tuusome sentensi kwa sentensi na mtu anayejua sheria. Wengi wetu tunaongea Kinyarwanda sokoni, lakini Kinyarwanda cha noteri ni kingine kabisa. Kila kijana anayetoka kambini kuja Kigali anasaini karatasi ya chumba ndani ya wiki yake ya kwanza. Kuku wengi hawatawahi kufuga.

Na kwa yule kijana wa foleni ya sabuni: elfu mia tatu yako usiimpe mtu kwa ajili ya paseli. Tafuta wenzako wanne mnaoaminiana, kaeni kwanza miezi mitatu kama wapangaji wa kawaida mahali mnapopataka, muone chumba kinakaa tupu mwezi gani. Sisi hatukufanya hivyo.

Mkataba wetu unaisha mwezi ujao. Mama amesema anapandisha mpaka elfu 170, yaani tutabakiwa na elfu 10 kwa mwezi, na chumba kimoja kikilala mwezi mmoja tu faida ya miezi minne na nusu imekwisha. Wanne kati yetu wanataka tukubali, watatu wanataka tuhamie kwa yule jirani. Jumamosi tunakutana uani kujadili, baada ya kufua. Mwenye mkataba wake anaotaka tuusome pamoja aje nao.