Amana iliyovuka mipaka iliyofungwa



Wengi wetu tukiikumbuka Machi 2020 tunakumbuka misikiti iliyofungwa, harusi zilizoahirishwa, na lile eneo la tawafu kule Makka lililoonekana tupu kwenye televisheni hata watu wazima wakalia. Hayo yamesemwa sana. Leo nataka tuwazungumzie watu wachache ambao tangazo la kufunga mipaka liliwakuta katika hali nyingine kabisa: wagonjwa wa saratani ya damu waliokuwa wakingoja mfuko mmoja mdogo kutoka nchi ya mbali, na tumaini lao lote limo ndani ya mfuko huo.

Kwanza tuelewane jambo lenyewe. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uloto, na chanzo chake ni seli shina. Saratani kama lukemia inapokaidi dawa za kawaida, pengine hubaki njia ya kuuondoa uloto ulioharibika na kupandikiza mwingine. Mgonjwa hupewa tibakemikali kali kwa siku kadhaa, wakati mwingine pamoja na mionzi, hadi uloto wake unakufa. Kisha seli za mchangiaji huingizwa mshipani kama anavyoongezewa damu mtu yeyote, nazo kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu hujiendea zenyewe hadi mifupani na kuanza kazi. Tazama basi hatari ya siku zile za katikati. Uloto wa zamani umeshauawa, na mpya haujafika. Hakuna kurudi nyuma. Na seli mbichi hazingoji: huhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na hutakiwa zimfikie mgonjwa ndani ya saa 72 hivi.

Kwa nini zitoke mbali? Kwa sababu ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja tu katika nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Ndiyo maana mwaka 1974 mama mmoja wa huko Uingereza, Shirley Nolan, alianzisha daftari la wachangiaji wasio jamaa ili kumtafutia mwanawe Anthony. Mtoto alifariki mwaka 1979 bila kumpata wa kulingana naye, lakini daftari likabaki. Kufikia mwaka 2020 madaftari ya dunia yalikuwa na watu zaidi ya milioni 37, na takriban nusu ya seli zinazotolewa na wasio jamaa huvuka mpaka wa nchi.

Nani huzivusha? Mjumbe, mara nyingi wa kujitolea. Hubeba kasha la baridi mkononi, halipiti kwenye mashine ya eksirei, wala haliachi machoni pake safari nzima. Tarehe 11 Machi 2020 Marekani ilipotangaza kuwazuia wasafiri kutoka sehemu kubwa ya Ulaya, mpango huo ulikuwa hatarini kukatika. Ujerumani ni miongoni mwa nchi zinazotoa seli nyingi zaidi kwa wagonjwa wa kigeni, na ndege zilikuwa zikifutwa moja baada ya nyingine. Daftari la Marekani, lenye makao yake Minneapolis, liliiomba serikali ruhusa maalumu kwa wajumbe wake, nalo likapewa. Kwingineko makasha yalikabidhiwa uwanjani kwenyewe: mjumbe wa nchi moja humpa wa nchi ya pili, kisha kila mmoja hurudi alikotoka bila kuingia mjini.

Wasomaji wetu wanayajua mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuhusu tauni, kwamba aliye nje asiiingie nchi yenye maradhi hayo na aliye ndani asiikimbie. Sidhani kama waliopanga makabidhiano yale uwanjani walikuwa wakiyafikiria. Hata hivyo waliipata njia ambayo watu walibaki kwao na amana ikafika.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la mpangilio. Kabla ya hapo mgonjwa alianza tibakemikali huku mchangiaji akiandaliwa, ili seli mbichi zifike siku iliyopangwa. Sasa ikawa seli zifike kwanza, zigandishwe katika naitrojeni ya kimiminika, na mgonjwa asiguswe mpaka mfuko umo mkononi mwa hospitali yake. Daftari la Marekani lililifanya hilo kuwa sharti mwezi huohuo wa Machi. Kwa maoni yangu huu ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote, kwa kuwa ulimwondoa mgonjwa katika ule mwanya wa kutisha.

Lakini haukuja bure. Seli zikigandishwa na kuyeyushwa, baadhi hufa. Na mifuko mingine haikutumika kabisa, kwa sababu mgonjwa alizidiwa au alifariki kabla ya siku yake. Fikiria kijana aliyekubali kwenda hospitali wakati kila mtu anaikimbia, akapimwa virusi, akachomwa sindano siku nne au tano za kuongeza seli shina katika damu, akalala saa kadhaa ameunganishwa na mashine, kisha alichokitoa kikabaki kwenye barafu. Wengine walitoa uloto wa nyonga, jambo linalohitaji nusukaputi. Hao nao wana haki yao. Anayeombwa kutoa aelezwe wazi kwamba seli zitagandishwa na huenda zisitumike, naye akubali au akatae akijua hivyo. Nyuma yake alikuwapo pia mzazi aliyempa ruhusa ya moyo. Sijui ni nyumba ngapi miongoni mwetu zingemwachia mwana wao katika siku zile, kwa ajili ya mtu asiyejulikana hata jina.

Wapo wanaouliza kama sheria yetu inaruhusu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jiddah cha Februari 1988, lilijuzisha kuhamisha kutoka kwa mtu hadi mwingine kile kinachojirudisha chenyewe mwilini, kama damu na ngozi, kwa sharti kwamba mtoaji awe na uwezo kamili wa kujiamulia na masharti mengine ya kisheria yatimizwe. Uloto nao hujijaza tena baada ya wiki chache.

Sharti hilo linatugusa karibu kuliko tunavyodhani. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa seli za wagonjwa wenyewe. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu, seli zikitoka kwa ndugu zao. Ndugu huyo akiwa naye ni mtoto, idhini yake ina uzito gani? Mzazi ambaye mwanawe mmoja ni mgonjwa, je, anaweza kuamua kwa uadilifu kwa niaba ya mwanawe wa pili? Ningependa masheikh na madaktari wetu waketi pamoja juu ya hili mapema, kabla familia haijafikishwa mlangoni pa chumba cha upasuaji.

Kwa wasio na ndugu anayelingana nao, takwimu za Marekani zinahuzunisha: mgonjwa mweupe ana nafasi ya asilimia 79 ya kumpata anayelingana naye kikamilifu katika daftari, mweusi asilimia 29. Ulinganifu hufuata nasaba, na watu wa nasaba zetu humo ni wachache. Wenye vijana London, Toronto au Minneapolis wanaweza kuwauliza kama wameshajiandikisha. Kipimo cha kwanza ni kijiti cha pamba kinachopitishwa ndani ya shavu.