Tusiulize Jina la Mfumo

Sisi wanafunzi tunaoandika programu za Unix tuna mazoea mabaya, na wahadhiri wetu wanayaacha yaote mizizi. Tukihitaji faili la kichwa ambalo halipo kwenye kila mfumo, tunaandika #ifdef __linux__, tunaweka #include chini yake, kisha tunanakili mistari hiyo katika kila faili la programu. Ikikubali kwenye kompyuta za maabara, tunapewa alama.

Chukueni mfano wa execinfo.h, faili linalotusaidia kuonyesha mfululizo wa miito programu inapoanguka. Linux ni kiini tu; faili hilo huletwa na maktaba ya C. Maktaba ya glibc inalo. Maktaba ya musl, inayotumiwa na Alpine Linux, haina. Basi kwenye Alpine sharti letu linapita, kisha kompaila inagoma. Kwa upande mwingine, FreeBSD inalo, lakini sharti letu linalikataa kwa kuwa FreeBSD si Linux. Tumekosea pande zote mbili, maana tumeuliza jina la mfumo badala ya kuuliza kama faili lipo.

Wapo watakaosema kwamba Autoconf, iliyoanza mwaka 1991, ilikwisha maliza tatizo hili. Sikubaliani nao. Autoconf hukagua mfumo na kuandika jibu, kama vile HAVE_EXECINFO_H, ndani ya config.h. Hiyo ni nusu ya kazi. Ukilitawanya jibu hilo katika faili 30, fujo ni ile ile. Henry Spencer na Geoff Collyer walionya kuhusu utitiri wa #ifdef tangu mwaka 1992.

Dawa ni kuwa na faili letu moja la kichwa, tuseme jukwaa.h, linalotangaza kitendakazi onyesha_miito(). Masharti yote yakae ndani ya jukwaa.c. Pasipo na execinfo.h, kitendakazi hicho kisifanye kitu. Sehemu nyingine za programu zikiite tu, bila kujua ziko kwenye mfumo gani. Ukija mfumo mpya, tutarekebisha mahali pamoja.

Msiseme kazi za darasani ni ndogo mno kwa utaratibu huu. Tunachozoea hapa ndicho tutakachokwenda nacho kazini. Wahadhiri wetu, kabla ya kutoa alama, ijengeni kazi yetu kwenye Alpine pia. Ikigoma, tukateni alama. Usipoziba ufa utajenga ukuta.