Kidonge cha Usiku na Chanjo Isiyofika



Juma hili nimepokea barua kutoka Meru. Mwandishi wake ni binti yetu wa Malindi aliyeolewa huko mwaka huu, naye ameniruhusu nieleze yaliyomo pasi na kumtaja. Yeye na mchumba wake walikwenda kupimwa kabla ya nikaha, mwanamume akaonekana ana virusi vya UKIMWI. Binti akaridhia kuolewa naye kwa ujuzi kamili. Ni miezi mitatu sasa tangu mume aanze dawa zake. Mke, ambaye ni mzima, humeza kila usiku kidonge cha kinga, hicho kiitwacho PrEP, ambacho serikali yetu ilianza kukitoa nchini mwaka 2017. Hukifuata Embu, akipita Chogoria na Chuka, asije akaonwa na majirani kwenye foleni ya kliniki ya karibu.

Mwezi uliopita mavyaa yake akakiona kichupa kabatini. Kichupa hicho hakitofautiani sana na cha dawa za wagonjwa, basi bibi akaamini kuwa mkaza mwana ndiye aliyeuleta ugonjwa nyumbani. Kikombe cha binti kikatengwa. Mume yupo, anaona, amenyamaza. Binti naye hawezi kujitetea ila kwa kufichua siri ya mumewe. Huko Embu kuna aliyemwambia kwamba chanjo ya sindano imeshapatikana. Je, avitupe vidonge aisubiri?

La, mwanangu, usivitupe.

Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaingia. Ukishafunzwa, unaweza kulala usingizi. Kidonge hakimfundishi mtu neno. Kinalinda maadamu kimo katika damu, na usipokimeza kinga hupungua. Kwa sura hiyo chanjo ni bora, wala sishangai kwamba moyo wako unaitamani. Lakini virusi hivi hubadilika sura mno. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walianza majaribio ya chanjo mwaka 2001, na hadi leo hakuna nchi yenye chanjo ya UKIMWI ya kumpa mtu. Utafiti mmoja karibu nasi, uitwao PrEPVacc, uliwahusisha watu wa Masaka nchini Uganda, Mbeya na Dar es Salaam nchini Tanzania, na Durban huko Afrika Kusini. Chanjo zake mbili zilisitishwa Novemba 2023 kwa kuwa hapakuwa na dalili kwamba zingezuia maambukizo. Na angalia jambo hili: hata ndani ya utafiti huo, washiriki walipewa vidonge vya kinga katika miezi ya kungojea dozi tatu za kwanza zikamilike. Waliotafuta chanjo wenyewe hawakuwaacha watu wao mikono mitupu.

Kidonge nacho kilijaribiwa kwa ndoa kama yako. Ndoa 4,747 za Kenya na Uganda, ambamo mmoja ana virusi na mwenziwe hana, ziliingia katika utafiti ulioanza mwaka 2008. Huku kwetu ulifanywa Thika, Kisumu, Eldoret na Nairobi. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kuwa kidonge chenye dawa mbili kilipunguza maambukizo kwa asilimia 75. Lakini katika utafiti mwingine, uliowahusisha wanawake wa Bondo na wa Afrika Kusini, hakikufaa kitu. Wengi walisema wanameza. Damu zao zikaonyesha kuwa hawakufika 40 katika kila 100 waliokuwa wamemeza karibuni. Siwalaumu. Kumeza dawa kila siku hali huumwi, nawe unajificha, ni mzigo, nawe waujua kuliko mimi.

Hiyo sindano uliyoisikia nadhani ni lenacapavir. Si chanjo, ni dawa ikaayo mwilini miezi sita, kisha hudungwa tena. Katika utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliotangazwa mwaka 2024, wasichana na wanawake 2,134 walidungwa, wala hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Haina kichupa cha kuonwa kabatini. Ukienda Embu tena, uliza kama wanayo. Mpaka hapo, meza kidonge. Ramadhani ikifika, kimeze baada ya futari au wakati wa daku.

Iko kinga nyingine ambayo hukuitaja. Mumeo akimeza dawa zake bila kuruka, na kipimo cha maabara kikaonyesha kuwa virusi havionekani tena katika damu yake, hatakuambukiza katika tendo la ndoa. Kwa kawaida huchukua kama miezi sita. Daktari akishakithibitisha kipimo hicho, ndipo mzungumze kuhusu kuacha PrEP. Miezi mitatu bado.

Kuhusu kikombe, UKIMWI hauambukizwi kwa kikombe wala sahani, na mavyaa yako aambiwe hivyo. Lakini wa kumwambia si wewe. Siri ni ya mumeo, na kwa muda wote anaoinyamazia, wewe ndiye unayeilipia. Msomee ukurasa huu. Kama hawezi kumkabili mamake peke yake, nendeni kwa mshauri wa kliniki mkapange pamoja atakavyoanza. Kisha aende yeye mwenyewe kwa mamake, na wewe ukae naye ukipenda.