Nani ataandika programu ya 2027?



Dawati letu la teknolojia limetangaza tena kwamba linatafuta vijana wa kuandika programu. Sawa kabisa. Mwaka 2022 IEBC iliweka Fomu 34A za vituo 46,229 kwenye tovuti yake, na kila Mkenya mwenye bando akaweza kuzifungua. Lakini kuziona si kuzijumlisha. Tunataka watu wa kuzijumlisha, na tunawataka mapema, si wiki ya kura.

Basi niseme mimi ni nani. Niko mwaka wa tatu, nasomea sayansi ya kompyuta, na kadi yangu ya chama imelipiwa. Pia mimi ni msichana ninayependa wasichana. Siweki jina hapa, na mnajua kwa nini.

Watu hudhani kinachomshinda mwanafunzi wa koding ni hesabu. (Mamangu alidhani ni mambo ya kodi, akaniuliza kama KRA watanichukua.) Si hesabu. Ni upweke. Programu inakataa saa sita usiku, kioo kimejaa maandishi mekundu, na kosa ni mabano moja uliyosahau kufunga. Ukiwa na mtu kando yako analiona kwa dakika mbili, mnacheka, mnaendelea. Ukiwa peke yako unakaa nalo mpaka asubuhi, halafu unaanza kuamini kwamba akili yako ndiyo haifai. Nimeona watu wakali wakiacha kozi hivyo hivyo.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na kundi la watu sita la mradi wa darasa. Uvumi kunihusu ulipofika, hakuna aliyenitukana. Nilitolewa tu kwenye kundi la WhatsApp, na msimbo wetu wa pamoja ukahamishiwa mahali nisipoweza kuufikia. Niliufanya mradi wote upya peke yangu kwa wiki mbili, kwenye simu, kwa sababu laptopu ilikuwa ya mwenzangu wa kundi. Kuandika Python kwa kidole gumba ni adhabu, asikudanganye mtu.

Kilichonirudisha ni watu wanne. Wawili ni kama mimi, mmoja ni kaka mwenye saiba aliyechoka kuniona nikihesabu shilingi, na mmoja ni dada wa kanisani ambaye hadi leo hatukubaliani kuhusu Mungu anasema nini. Tunakutana Jumamosi. Kanuni ni moja: ukikwama zaidi ya nusu saa, sema. Hakuna hotuba za kutiana moyo. Mtu anakuuliza tu, "Ile ya wiki jana iliisha?" na unaona aibu kusema haikuisha. Hiyo aibu ndogo imenifundisha kuliko mihadhara mingi. Sasa tuna programu inayosoma matokeo ya kituo kimoja kimoja, inayajumlisha, na kupiga kelele pale kura zilizopigwa zinapozidi wapiga kura walioandikishwa. Ni kazi ya wiki nyingi, na bado haijamaliza kukomaa.

Hiyo ndiyo kazi chama kinaitafuta. Lakini tukija mkutanoni tunasikia nini? Msemaji anapanda jukwaani, anataka kumponda waziri, na tusi la kwanza linalomtoka ni "shoga". Watu wanapiga makofi. Waziri hadhuriki na chochote. Anayedhurika ni komredi aliyesimama safu ya tatu, ambaye wiki ijayo hatakuja.

Na tusijidanganye kwamba hili ni la serikali peke yake. Mswada wa Kulinda Familia wa 2023, wenye adhabu kali kwa watu kama mimi, ulitoka kwa Peter Kaluma, mbunge wa upinzani wakati huo. Upande wetu wa Bunge. Februari mwaka huo huo Mahakama ya Juu ilikuwa imesema, majaji watatu kwa wawili, kwamba kuwanyima mashoga na wasagaji kusajili shirika lao ni ubaguzi. Sisi tunaoimba Katiba ya 2010 kila maandamano, Kifungu cha 36 kuhusu uhuru wa kujumuika tunakiruka?

Najua jibu: haya ni mambo ya wazungu. Haya, tuwaangalie wazungu. Alan Turing aliandika mwaka 1936 misingi ya kile tunachokiita leo kompyuta, na vitani akasaidia kuvunja misimbo ya Wajerumani. Mwaka 1952 Uingereza ilimhukumu kwa kulala na mwanamume, ikamdunga homoni. Miaka miwili baadaye alikufa. Sheria ya aina hiyo hiyo Waingereza waliileta huku, na wakati wao walianza kuifuta kwao mwaka 1967, sisi bado tunayo kwenye Kanuni ya Adhabu, Vifungu 162 na 165. Kilicholetwa na wazungu ni kifungo. (Kifungu 165 kinataja wanaume tu, lakini kwenye korido za hosteli hakuna anayesoma sheria kwanza.)

Simu unayosomea makala haya karibu hakika ina chipu ya ARM. Lugha ya ndani ya chipu za mwanzo za ARM ilibuniwa na Sophie Wilson kule Cambridge, na chipu ya kwanza ikafanya kazi mwaka 1985. Sophie ni mwanamke aliyezaliwa akahesabiwa mvulana. Anayetaka kutukataa kikamilifu azime simu.

Mei 2025 Rose Njeri alikamatwa kwa programu iliyowasaidia wananchi kutuma barua pepe kupinga Mswada wa Fedha. Mwezi uliofuata mahakama ikasema mashtaka hayaonyeshi kosa lolote. Siku zile sote tulipaza sauti, na hakuna aliyeuliza anampenda nani kabla ya kumtetea. Hicho ndicho nakitaka kwenye madarasa yetu, basi.

Wapo wanaoniambia ningoje tushinde kwanza. Mafunzo yanaanza sasa, na programu haiandikwi usiku wa kura.

Nimepeleka pendekezo la sentensi mbili kwa katibu wa tawi: mtu yeyote asitolewe kwenye darasa au kundi la chama kwa sababu ya anayempenda au anavyojitambua, na anayetumia jambo hilo kama tusi jukwaani anyang'anywe kipaza sauti hapo hapo. Litasomwa kikao cha mwezi ujao. Kikao hicho huhudhuriwa na watu kumi na tano, wale wale kila mara. Wanaoliunga mkono wafike mapema, na wanaolipinga pia wafike, tusikie sababu zao wakiwa wamesimama mbele yetu.