Mashine Moja, Vyumba Vinne: Jamani Msiuziwe Hii Kitu

Niseme mapema, anayetaka kuacha kunifuata aache sasa hivi. Ile AC ya mashine moja nje na vichwa vinne ndani, ambayo mafundi wanaiita multi, haifai nyumba zetu za Kisauni, Likoni na Changamwe. Siongelei hoteli za ufuoni wala ofisi za mjini. Naongelea nyumba ya mtu aliyejenga kwa jasho, anayenunua tokeni za mia tano mia tano, na sasa joto limemshinda anataka kulala.

Mwezi uliopita duka moja la AC, sitalitaja, lilinitumia ujumbe. Walitaka video ya sekunde arobaini: nisimame sebuleni na rimoti nne mkononi, nitabasamu, niseme "mashine moja, nyumba nzima baridi". Pesa ilikuwa nzuri, sidanganyi. Kodi yangu ya miezi miwili ilikuwa pale. Nikawaambia hapana, na sababu ni Ami yangu wa Kiembeni.

Ami alifanya kazi bandarini miaka na miaka. Alipostaafu akachukua mafao yake akamalizia nyumba, vyumba vitatu vya kulala na sebule. Mwenye kumtia kwenye shimo ni mimi. Tuna binamu Minneapolis, Marekani, kule Januari inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Alifungiwa pampu ya joto ya vichwa vinne, akaturushia video kwenye grupu la familia: nje theluji imefika magotini, ndani yeye yuko na fulana anakunywa chai. Mimi nikaisambaza na vimoto vitatu, nikamwandikia Ami, "Mwaona watu wanavyoishi?"

Ami akanipigia simu. "Kama yaweza theluji ya Marekani, itashindwa na jua la Kiembeni?"

Swali la haki kabisa, maana ni mashine ileile. AC inachota joto ndani ya chumba na kulitupa nje. Pampu ya joto ina valvu ya kugeuza njia ya gesi, basi inaweza kufanya kinyume pia: inachota joto lililoko nje, hata kwenye baridi kali, inaliingiza ndani. Kwa hivyo Ami hakukosea mashine. Alikosea nyumba, na mimi sikujua kumwambia.

Akanunua. Bei ilikuwa kama ya boda tatu mpya. Mwaka uliofuata, Machi, kaskazi imelegea hakuna hata jani linalotikisika, stima ikakatika usiku, ikarudi na kishindo. Bodi ya ile mashine ya nje ikaungua. Ile bodi moja ndiyo iliyokuwa ikiendesha vyumba vyote vinne, basi nyumba nzima ikafa kwa dakika moja. Nyanya ana presha na ndiye anayelala chumba cha nyuma, kile chenye dirisha dogo. Duka likasema uharibifu wa umeme haumo kwenye waranti. Bodi ikaagizwa, tukaambiwa wiki mbili, ikafika baada ya tano. Ilikuwa Ramadhani. Nyanya akawa analala ukumbini kwenye mkeka, mlango wa uani wazi, na Ami amekaa kwenye kiti kando yake analinda mpaka daku. Mzee wa miaka sitini na kitu, amefunga, halali, kwa sababu ya video niliyoirusha mimi.

Sasa tuongee kwa nini ile mashine inamfaa binamu na haimfai Ami. Nyumba ya Minneapolis yataka joto kila chumba, saa zote. Ukiacha upande mmoja ugande, maji yanaganda ndani ya paipu na paipu zinapasuka. Kwa hivyo vichwa vyote vinafanya kazi pamoja, na mashine ya nje inatumika kwa kiwango ilichotengenezewa. Huku kwetu, nani anapoza vyumba vinne kwa wakati mmoja? Mchana watu wako kazini, shule, barazani. Jioni kila mtu sebuleni. Saa tano za usiku sebule imezimwa, mmeingia kulala. Sisi twatumia chumba kimoja, vikizidi viwili.

Na hapo ndipo multi inapokula pesa. Mashine ya nje ya BTU 36,000, hata ikiwa ya inveta, ina kiwango ambacho haiwezi kushuka chini yake. Ukiwasha kichwa kimoja cha 9,000 chumbani kwa Nyanya, ile mashine kubwa inakijaza chumba baridi haraka, inazima, joto likirudi inawaka, inazima tena. Kule kuwasha na kuzima ndiko inveta ilikotengenezwa kukuepusha nako. Umelipia inveta kisha ukaifunga mahali ambapo haiwezi kutembea polepole. Ni sawa na kutoa lori la konteina liende Kongowea kununua mafungu mawili ya mchicha.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawaligusi, nalo kwetu ni kubwa kuliko hata joto: unyevu. Hewa ya Mombasa imejaa maji. AC hukausha hewa ikiwa inafanya kazi muda mrefu mfululizo, yale maji yakitiririka kwenye kibomba cha nyuma. Ikiwa kubwa kupita chumba, inapoza haraka na kuzima kabla haijakausha chochote. Unabaki na chumba cha baridi chenye majimaji, shuka kama zimenyunyiziwa, na baada ya miezi ukungu mweusi nyuma ya kabati. Halafu mtu anasema AC inampa kifua. Mara nyingi ni ukubwa uliochaguliwa kwa kujionyesha. Chumba cha kawaida cha kulala, futi kumi kwa kumi na mbili hivi, BTU 9,000 yatosha, na 12,000 ni kama jua la magharibi linakipiga ukutani au kiko juu kabisa chini ya slabu. Fundi asiyeuliza dirisha linatazama wapi hajui kazi, ama anajua na anataka kukuuzia kubwa.

Hesabu ya tokeni nayo hii hapa, mifanye mwenyewe kwa kalamu. Spliti ya BTU 12,000 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula kama kilowati moja. Ikiwa ya inveta na chumba kimefungwa vizuri, tuseme wastani ni nusu ya hapo. Saa nane za usiku ni uniti nne. Mwezi mzima ni uniti 120. Ukiweka makato yote ndani, uniti moja yakaribia shilingi thelathini, basi ni kama 3,600 kwa mwezi, chumba kimoja. Inauma lakini inahesabika. Zidisha kwa vichwa vinne kama kwenye tangazo: uniti 480, zaidi ya elfu kumi na nne. Na kumbuka KPLC wana ngazi tatu za bei kwa matumizi ya nyumbani: hadi uniti 30, kutoka hapo hadi 100, na zaidi ya 100. Ukishakuwa mtu wa ngazi ya juu, hata balbu ya chooni unailipia kwa bei ya juu.

Mtu ataniambia, "Lakini wewe, multi inapendezesha nyumba, nje ni mashine moja tu si nne." Ni kweli. Mwenye fleti yenye kibaraza kimoja, keyateka amekataza kutundika mashine ukutani, huyo hana jinsi, multi ya vichwa viwili itamfaa. Namwelewa. Lakini Ami ana kuta nne na ploti yake mwenyewe. Amependezesha ukuta upi, na nani anaupita kuutazama? Ng'ombe wa jirani.

Chumvi sasa. Mashine ya nje ina mapezi membamba ya aluminiamu na paipu za shaba, na upepo wa bahari unazila zote. Shelly Beach, Mtongwe, Bamburi, Utange, hakuna aliyesalimika. Dawa yake ni kuuliza kama yale mapezi yamepakwa kinga ya kutu, kisha kuiosha mashine kwa maji baridi ya kawaida angalau kila mwezi. Maji gani? Hapa ndipo nilicheka karibu nilie. Fundi wa Ami alikuwa anakuja "sevisi", anachomeka mpira kwenye maji ya kisima. Nani hajui maji ya visima vingi vya Kisauni? Ukichemsha chai hutii chumvi wala sukari haionekani. Yaani chumvi ya hewani tunaiosha kwa chumvi ya ardhini, na mtu analipwa. Maji matamu ya mfereji huja kwa zamu, mengine twanunua kwa mkokoteni, basi ndoo moja ya kuosha mashine ni pesa. Mashine moja ndogo ndoo moja inatosha. Ushauri wa bure: lile tone la kibomba cha AC ni maji yasiyo na chumvi. Kinga ndoo. Usiyanywe, lakini kuosha mapezi ni mazuri kuliko kisima.

Na multi ina viungo vingi vya paipu. Kila kichwa kina paipu mbili, kila paipu ina kiungo huku na kiungo kule. Kimoja kikivuja, vyumba vilivyounganishwa pale vyote vinapungukiwa. Kwenye spliti za peke yake, chumba cha Nyanya kikiharibika unamhamishia chumba cha pili, usiku unapita.

Kwa hivyo ukiniuliza, nunua moja. Spliti moja ya inveta, chumba anacholala aliye dhaifu zaidi nyumbani: mzee, mgonjwa, mama mwenye mtoto mchanga. Ukae nayo msimu mzima kuanzia Desemba mpaka mvua za masika, uone tokeni zinasemaje, ndipo ufikirie ya pili. Angalia lebo ya nyota ya EPRA, kanuni zake zipo tangu 2016, na muuzaji asiyekuwa nayo aeleze kwa nini. Gesi iwe R32 ikiwezekana. Ile R22 ya mitumba achana nayo, dunia inaiondoa na kuijaza kutazidi kuwa shida. Siku ya kufunga, fundi aje na pampu ya kunyonya hewa kwenye paipu. Akisema atafungua gesi kidogo isukume hewa itoke, mwambie akunywe maji aende zake. Na weka kile kidude cha kulinda umeme, AC guard. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ile bodi.

Lakini kabla ya hata hiyo moja, tazama juu. Nyanya alikulia Mtongwe kwenye nyumba ya makuti, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, mlango wa mbele ukitazamana na wa uani. Kusi ikivuma inaingia huku inatokea kule. Hakuna aliyekuwa na stima na watu walilala. Mji wa Kale kuta za matumbawe ni nene kuliko mkono wangu ulivyo mrefu, na dari ziko juu. Leo landilodi anapandisha ghorofa nne kwenye ploti ya futi arobaini kwa themanini, dirisha lako linatazamana na dirisha la jirani mkiweza kupeana chumvi, juu ni slabu tupu inayokunywa jua toka asubuhi na kulitema usiku, au mabati bila dari. Ndani ya chumba hicho unauziwa AC. Unalipa kila mwezi, maisha yako yote, kwa makosa ya mtu aliyechora nyumba. Paa la Ami tulipaka rangi nyeupe, tukaweka dari chumba cha nyuma, na lile dirisha dogo tukalipanua na kufungua jingine ukuta wa pili. Feni ya wati sitini ikafanya kazi ambayo mwanzo ilikuwa inazungusha joto tu. Tungeanza hapo, pengine tusingenunua mashine kabisa.

Bodi ilipokuja Ami aliirudisha, mashine inafanya kazi, lakini anawasha kichwa kimoja tu. Vile vingine vitatu viko ukutani, cha sebuleni mkewe amekifunika kitambaa kwa ajili ya vumbi. Nilimwomba radhi. Akaniambia, "Wewe ulinionyesha video tu, mimi ndiye niliyetia saini." Hilo halinisaidii kulala.

Sasa nyinyi wenye maduka, na nyinyi wenzangu mnaochukua hizo kazi za sekunde arobaini. Nileteeni risiti za tokeni za nyumba yoyote ya Kisauni, Likoni au Changamwe yenye multi ya vichwa vinne, Januari mpaka Machi, pamoja na mwenye nyumba mwenyewe akiongea. Nitaiweka hapa nzima, bila kukata, na bila malipo.